Mwenye Mila Asome: Tahakiki ya Uchapishaji wa Maandiko ya Mila na Desturi

Kila mwaka wanafunzi wetu hutoka darasani kwenda vijijini na mitaani kukusanya methali, nyimbo za jando na harusi, masimulizi ya koo na majina ya mitishamba. Hurudi na daftari zilizojaa na kanda zilizonaswa vizuri. Hurudi pia na swali ambalo wazee hawaachi kuwauliza: "Hicho kitabu kikitoka, na sisi tutakiona?" Mwanafunzi hujibu "Ndiyo, mzee," kwa adabu, kisha huandika tasnifu yake, hufaulu, na nakala moja huwekwa maktabani. Mzee hakioni kitabu. Wapo waliokwisha kufariki wakisubiri.

Katika makala haya tunakusudia kulihakiki jambo hilo. Mara nyingi tunapohakiki maandiko ya ethnografia, yaani maandiko yanayoeleza mila, desturi na maisha ya jamii fulani, tunauliza kama mwandishi amesema kweli. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Inatupasa kuuliza pia: Kitabu kimechapwa wapi? Kwa lugha gani? Jaladani kuna jina la nani? Kinauzwa kwa nani? Na swali linalotuhusu kuliko yote: je, anayeandikwa anaweza kukisoma na kukijibu? Tutaonyesha kwa mifano ya Afrika Mashariki, hasa ya hapa Uganda, kwamba maandiko yanayoweza kujibiwa na wenyewe husahihishwa mapema, na yale yasiyoweza kujibiwa huweza kudhuru watu kwa miaka mingi.

Vitabu viwili vya wenyeji

Tuanze na vitabu viwili vilivyotoka karibu wakati mmoja. Cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Cha pili ni kitabu cha Apolo Kagwa juu ya mila za Waganda, Ekitabo kye Mpisa za Baganda, kilichotoka mwaka 1905.

Desturi za Wasuaheli kimeandikwa kwa Kiswahili, na sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo. Ndani yake mna habari za uzazi, malezi, michezo ya watoto, chuo cha Kurani, unyago, ndoa, ngoma, utumwa, uganga na kilimo. Anayesoma leo anaona mara moja kwamba mwandishi anasimulia mambo aliyokulia ndani yake. Hata hivyo jaladani lilikaa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyeikusanya na kuihariri kazi hiyo. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, mahali walipofunzwa maafisa waliotumwa makoloni. Basi kitabu cha desturi za Waswahili kilikuwa na wasomaji wake: watu waliokuwa wakienda kuwatawala Waswahili.

Yaliyompata Mtoro mwenyewe ni funzo kubwa. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walisafiri pamoja kuja Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka na kuishi kama mume na mke katika nchi ile ambayo desturi zake alikuwa amewafundisha watumishi wa serikali hiyo hiyo. Walirudi Ujerumani, na Mtoro alifia huko mwaka 1927. Maandishi yake yalipotafsiriwa kwa Kiingereza na J.W.T. Allen, na kuchapwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipopanda jaladani. Lilipanda miaka 78 baada ya kitabu kutoka, na lilipanda kwenye kitabu cha Kiingereza.

Kagwa alikuwa katika hali nyingine kabisa. Alikuwa katikiro wa Buganda, mtu mwenye madaraka, mwenye kujua kusoma na kuandika na mwenye kuuona mapema uwezo wa mashine ya kupigia chapa. Alikwisha kutoa historia ya makabaka mwaka 1901, kwa Kiganda, na Mpisa kikafuata kwa Kiganda vile vile. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa Waganda. Kwa kuwa walikisoma, walibishana nacho. Kagwa alikuwa Mprotestanti na mwanasiasa, na historia yake ilikuwa na upande wake. Magazeti ya Kiganda yalipopatikana, likiwemo Munno lililoanzishwa na wamisionari Wakatoliki mwaka 1911, watu wa koo mbalimbali walipata mahali pa kupeleka masimulizi yao wenyewe. Hivyo Kagwa hakubaki msemaji pekee. Tunaposoma mila za Waganda leo tuna sauti nyingi za Waganda wenyewe, na nyingine zinapingana.

Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba mwenyeji husema kweli daima na mgeni hukosea daima. Kagwa alikuwa mwenyeji, na alikuwa na maslahi. John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyechapisha The Baganda mjini London mwaka 1911, alikuwa mgeni, na kitabu chake kina mengi ya thamani. Lakini wazee wengi waliomweleza Roscoe mambo hayo waliletwa kwake kwa msaada wa Kagwa. Kitabu cha Roscoe kilisambaa katika vyuo vya dunia tangu kilipotoka. Mpisa kilisubiri hadi mwaka 1934 kutoka kwa Kiingereza mjini New York, kwa tafsiri ya Ernest Kalibala iliyohaririwa na May Mandelbaum. Ndiyo maana hata leo tasnifu nyingi humnukuu Roscoe kwanza na Kagwa baadaye, kana kwamba mto umekitangulia chanzo chake.

Kitabu kisichoweza kujibiwa

Kama Waganda waliweza kumjibu Kagwa, wapo watu wa Uganda ambao hawakuweza kumjibu mwandishi wao. Tunawakusudia Waik, watu wachache wanaoishi katika milima ya Karamoja, karibu na mpaka wa Kenya.

Katikati ya miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi kwao. Wakati ule Waik walikuwa katika dhiki kubwa. Bonde la Kidepo, walikokuwa wakiwinda, lilikuwa limefanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1962 likawa mbuga ya taifa. Juu ya hayo palikuwa na ukame na njaa. Mwaka 1972 Turnbull alitoa kitabu, The Mountain People. Aliwaeleza Waik kuwa watu waliopoteza upendo na huruma, wanaomnyang'anya mzee chakula mdomoni na kucheka mtoto anapoungua. Alifika hadi ya kupendekeza kwamba serikali iwatawanye katika vikundi vidogo vidogo mbali na milima yao, ili jamii hiyo isiendelee kuwapo kama jamii.

Kitabu hicho kilinunuliwa sana Ulaya na Marekani. Mwaka 1975 Peter Brook alikitolea mchezo wa kuigiza jukwaani mjini Paris. Wanafunzi wa anthropolojia wa nchi nyingi walipewa kitabu hicho kukisoma, na jina la Waik likawa mfano wa ukatili wa binadamu. Wataalamu wenzake hawakunyamaza: mwaka 1974 Fredrik Barth alimkosoa vikali katika jarida la Current Anthropology. Lakini mjadala huo ulikuwa baina ya wasomi wa ng'ambo. Waik wenyewe hawakuwamo.

Waliingia kwa mlango wa nyuma miaka 13 baada ya kitabu kutoka. Bernd Heine, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani aliyejifunza lugha yao, alichapisha makala katika jarida la Africa mwaka 1985. Alionyesha kwamba Turnbull hakuijua vema lugha ya Waik na kwamba baadhi ya watu aliowategemea sana hawakuwa Waik. Akaeleza pia kwamba Waik walipoambiwa yaliyoandikwa juu yao, waliuliza kama wangeweza kumshtaki mwandishi.

Tulitafakari swali hilo la Waik. Ni tahakiki kamili ya kitabu, fupi kuliko tahakiki zote zilizochapwa, na imetolewa na watu wenye haki ya kwanza ya kuitoa. Ilichelewa kwa sababu kitabu kilichapwa kwa lugha wasiyoisoma, katika mji wasioufika, kwa bei wasiyoiweza, na hakuna aliyeona kuwa ni wajibu wake kuwapelekea. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Cathryn Townsend walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowapima Waik katika kugawana mali, nao hawakuonekana kuwa wachoyo kuliko jamii nyingine zilizopimwa kwa namna hiyo. Kati ya 1972 na 2020 ni miaka 48. Mtoto aliyezaliwa mwaka kitabu kilipotoka alikuwa ameshapata wajukuu, au angaliweza kuwa nao, kabla jina la watu wake halijasafishwa kwa vipimo.

Yapo pia maandishi yaliyofuata njia njema. Mwaka 2017 Terrill Schrock alitoa kamusi na muhtasari wa sarufi ya lugha ya Kiik kupitia shirika la Language Science Press, ambalo vitabu vyake hupatikana bure kwenye intaneti. Kamusi haiwezi kufuta matusi, lakini ni kitabu ambacho mtoto wa Kiik aliyesoma anaweza kukifungua, kukiona kina maneno ya mama yake, na kusema: hapa mmekosea.

Makerere ilipokuwa na njia mbili

Tukirudi hapa mlimani kwetu Makerere, tunakuta kwamba miaka ya 1950 njia mbili za uchapishaji zilikaa chini ya paa moja.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ambayo mmoja wa wakurugenzi wake wa mwanzo alikuwa Audrey Richards. Ndiyo inayoitwa leo Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere. Watafiti wake waliandika vitabu vinavyosomwa hadi leo: Lloyd Fallers aliandika juu ya Wasoga, Aidan Southall juu ya Waalur. Vitabu hivyo viwili vilitoka mwaka 1956, na vyote viwili vilichapwa na kampuni ya Heffer ya Cambridge, Uingereza. Utafiti ulifanyika Busoga na Alur, mijadala ilifanyika Kampala, wino ukamwagwa Cambridge. Mwaka uliofuata Southall na Peter Gutkind walitoa uchunguzi wao juu ya mitaa ya Kampala, hasa Kisenyi na Mulago, na safari hii Taasisi yenyewe ndiyo iliyochapisha, hapa hapa Kampala. Hata hivyo kilikuwa kwa Kiingereza. Mwenye nyumba wa Kisenyi, mtaa ambao Kiswahili kilikuwa kikisikika kila uchochoro, hakukikuta sokoni.

Njia ya pili ilikuwa ya Kamati ya Kiswahili. Kamati hiyo ilianzishwa mwaka 1930 na ilihamia Makerere mwaka 1952, ikakaa hapa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha ilipitia Mombasa na kufika Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ilifanywa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Vijana wetu wengi wanaodhani kwamba Kiswahili ni mgeni Makerere hushangaa kusikia habari hiyo. Wakati Kamati ilipokuwa hapa, jarida lake, ambalo sasa tunalijua kwa jina la Kiswahili, lilitoa viambatisho vya maandiko marefu chini ya uangalizi wa W.H. Whiteley. Mwaka 1957 ulitoka Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Mwaka 1958 na 1959 yalitoka maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Kiswahili kiliwekwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, uso kwa uso, na jina la mwandishi likakaa mahali pake.

Tunasisitiza mpangilio huo wa kurasa kwa sababu maana yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima tafsiri. Msomaji wa Kiingereza anakumbushwa kila anapofungua ukurasa kwamba asili haiko upande wake. Maandiko hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuchapwa Berlin kabla ya hapo. Makerere iliyarudisha Afrika Mashariki. Ilikuwa kazi ya serikali ya kikoloni, na hatuna haja ya kuipamba. Whiteley na wenzake walikuwa watumishi wa mfumo ule. Lakini namna yao ya kuchapa ilikuwa bora kuliko yetu ya leo, na si aibu kukubali.

Lilikuwapo pia Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo lilitoa vitabu vya mila na historia kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine. Ndilo lililochapisha mwaka 1954 kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mnyampala, Mgogo, aliandika kwa Kiswahili ili asomwe na Wagogo na majirani zao. Kitabu chake kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1995, kwa tafsiri ya Gregory Maddox, wasomi wa nje ndio waliokuwa wa mwisho kupata. Huo ndio utaratibu tunaouona kuwa wa haki: wenyewe kwanza, dunia baadaye. Shirika hilo lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na pengo lake halijazibwa.

Okot na nusu ya kazi iliyobaki

Haiwezekani kuizungumza anthropolojia Kampala bila kumtaja Okot p'Bitek. Mwaka 1970, kupitia Shirika hilo hilo la Vitabu, alitoa African Religions in Western Scholarship. Alieleza jinsi alivyopinga, akiwa mwanafunzi Oxford, mhadhiri alipokuwa akiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, na jinsi upinzani wake ulivyopuuzwa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wasomi wa Magharibi, na hata baadhi ya Waafrika waliofuata nyayo zao, waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki, kisha wakaisifu kwa kufanana na yao. Alitaka elimu inayoanza na maswali ya Waafrika wenyewe.

Tunaiunga mkono hoja hiyo. Lakini tahakiki ya kweli haimwogopi mtu mkubwa. Okot alishambulia yaliyoandikwa na walioandika, na hakugusa sana lugha ya kitabu. Mama wa Gulu ambaye dini yake ilitetewa katika kurasa zile hakuweza kuzisoma. Alipotaka kusikika na Waacholi, Okot aliwapa Wer pa Lawino kwa Kiacholi, kilichochapwa mwaka 1969. Alipotaka kujibu wasomi, aliandika Kiingereza. Hatumlaumu, kwani ndiko vita vilikokuwa. Twasema tu kwamba alituachia nusu ya kazi, nasi kwa miaka zaidi ya 50 tumekuwa tukimnukuu badala ya kuimaliza.

Hali ya leo

Leo mashine za chapa si haba mjini Kampala. Kuanzia Nasser Road mpaka kwenye kampuni kubwa kama Fountain Publishers, iliyoanzishwa mwaka 1988, kazi ya kuchapa inafanyika usiku na mchana. Kikwazo kimehama. Sasa kiko katika malango matatu.

Lango la kwanza ni majarida ya kimataifa. Mengi ya ethnografia yanamilikiwa au kuendeshwa na kampuni kubwa za kibiashara za Ulaya na Marekani. Majarida ya Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani, kwa mfano, yalikabidhiwa kwa Wiley kuanzia mwaka 2008. Makala juu ya ndoa katika wilaya fulani ya Uganda inaweza kusomwa Chicago kwa kubofya mara moja, na katika wilaya ile ile isisomeke bila kulipa dola ambazo mwalimu wa shule ya msingi hazipati kwa siku kadhaa za kazi. Ipo mipango inayovipa vyuo vya nchi maskini ruhusa ya kusoma bure au kwa bei nafuu, nasi tunaitumia na tunashukuru. Lakini ruhusa ya chuo huishia kwenye lango la chuo. Mzee aliyehojiwa hana nywila.

Wapo waliojaribu kulifungua lango hilo. Jarida la Cultural Anthropology lilifanywa huru kwa wasomaji wote mwaka 2014. Kampuni ya Berghahn ilifungua majarida yake kadhaa ya anthropolojia mwaka 2020 kwa kuzitaka maktaba ziendelee kulipia ili wote wasome bure. Katika taaluma yetu, Swahili Forum limekuwa likipatikana bure kwenye intaneti kwa miaka mingi. Hizo ni hatua njema. Hata hivyo majarida mengine yanayojiita huru hutoza mwandishi badala ya msomaji, na ada yake yaweza kuzidi mshahara wa mhadhiri wa miezi kadhaa. Huo ni mlango uliohamishwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Lango la pili ni ripoti za ushauri. Sehemu kubwa ya maandishi ya kijamii yanayotungwa Kampala siku hizi hayafiki jaridani wala kitabuni. Ni ripoti za mashirika: juu ya wafugaji, juu ya wakimbizi, juu ya ndoa za utotoni. Profesa Mahmood Mamdani aliukosoa utamaduni huo hapa Makerere mwaka 2011, akionyesha kwamba mtafiti wa ushauri hujibu maswali yaliyoulizwa na mteja wake na hana nafasi ya kuuliza yake. Sisi twaongeza jambo moja. Ripoti ni mali ya aliyeilipia. Walioulizwa hawajui iliandika nini, na inaweza kubadili maisha yao kwa maji, kwa uzio au kwa kuhamishwa. Yaliyowapata Waik mwaka 1972 yalikuwa angalau kitabu ambacho Heine aliweza kukinunua na kukipinga. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimpi hata mgeni mwema nafasi ya kukosoa.

Lango la tatu ni letu wenyewe. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala zilizotoka katika majarida yanayotambuliwa, na hapati kitu kwa kijitabu cha kurasa 40 alichowarudishia wanakijiji. Basi tusimlaumu Velten peke yake. Mtoro alifichwa nyuma ya jina la mwingine, na wazee wetu tunawaficha nyuma ya tarakimu. Fungueni tasnifu zetu: "mtoa habari wa 1", "mtoa habari wa 2". Tunafanya hivyo kwa maadili ya utafiti, ili kumlinda mtu asidhurike, na katika habari za maradhi, siasa au ugomvi wa ardhi ni sawa kabisa. Lakini bingwa wa methali au mganga wa mitishamba anayejulikana kata nzima hahitaji kufichwa. Anahitaji kutajwa. Aulizwe kwanza anataka lipi.

Je, Kiswahili ni jibu?

Msomaji wa Uganda atatuuliza, na ana haki: mkiandika kwa Kiswahili mmemrudishia nani? Mama wa Mukono anasema Kiganda, wa Arua Kilugbara, wa Kaabong Kiik. Kwa wengine hapa nchini Kiswahili kiliwahi kuwa lugha ya bunduki. Hata zamani Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani mwaka 1929, akihofia kwamba kingemeza Kiganda.

Hatulikwepi swali hilo. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria hizo hazimfanyi mama wa Mukono akisome kesho. Kwa hiyo hatusemi kwamba makala ya mila za Waganda yakiwa kwa Kiswahili yamefika nyumbani. Lugha ya nyumbani ni ile aliyoitumia msimulizi, na maneno yake yanapaswa kuchapwa kwa lugha hiyo kwanza, jinsi yalivyotamkwa.

Kazi ya Kiswahili ni ile ya baraza la majirani. Mgogo wa Mnyampala alisomeka Tabora na Mombasa. Mganda akisomeka kwa Kiswahili, anaweza kujibiwa na Mhaya na Msukuma, watu wenye desturi za karibu na zake na wenye macho ya kuona alichopuuza. Kwa sasa mazungumzo hayo hupitia London na New York kabla ya kuvuka Ziwa Nyanza. Tukikifanya Kiswahili kimeze lugha ya msimulizi, tutakuwa tumetimiza hofu ya Daudi Chwa. Tukikiweka pembeni mwa maneno yake, ukurasa kwa ukurasa, tutakuwa tumefuata mfano tulioachiwa hapa hapa mlimani.

Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunatoa mapendekezo manne ambayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila tasnifu ya idara yenye masimulizi ya watu iwe na kiambatisho cha masimulizi hayo kwa lugha yalimotolewa, na tafsiri ya Kiswahili mkabala.

Pili, kila mwanafunzi aombe idhini ya kutaja jina, badala ya kuandika tarakimu kwa mazoea. Anayekataa afichwe, anayekubali atajwe kwa heshima yake na kijiji chake.

Tatu, nakala ya kiambatisho, hata ikiwa imepigwa chapa na kubanwa kwa pini mbili, irudishwe na mwanafunzi mwenyewe kwa walioisimulia na kwa shule iliyo karibu, kabla ya kutahiniwa. Masahihisho watakayotoa yaingizwe. Wazee nao ni watahini.

Nne, kijarida hiki kitenge ukurasa wa majibu. Aliyeandikwa vibaya, au mwanawe, atuletee barua kwa lugha yake, nasi tutaitafsiri na kuichapa.

Tunajua kwamba hayo hayatabadili kampuni za Ulaya wala masharti ya kupandishwa vyeo. Lakini muhula ujao wanafunzi watatoka tena na daftari zao, na kuna mzee atakayewauliza kama kitabu atakiona. Safari hii tungependa wawe na jambo la kumwonyesha.